Nusu Saa ya Mapumziko

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Jumapili ile ulikuwa umekaa palepale kaunta, glasi mkononi, macho kwenye runinga ya mbio za farasi, na Wim Hoekstra akapita nyuma yako akielekea mlango wa vioo vyeusi. Ulijua ni yeye kwa ule mguu wake anaouburuta. Ulijua pia, kama mji mzima wa Boolan ulivyojua, kwamba ana miezi saba hajagusa mashine za kamari, na kwamba Ingrid, bintiye, amempa chumba cha uani kwa sharti moja: akibonyeza mara moja tu, afungashe virago. Ukafuta povu mdomoni, ukamuuliza mwenzako farasi namba sita kashika nafasi ya ngapi.

Hukuwa peke yako. Glenys Attard naye aliangalia pembeni, tena kwa miaka tisa, na yeye ndiye aliyekuwa mwenye shughuli. Lakini siku ile aliacha kuangalia pembeni. Wewe bado.

Ligi yake ya karata ilianza mwaka kituo cha umeme kilipofungwa. Wenye kampuni walikuja na suti zao, wakamgawia kila mfanyakazi kikombe cha chai chenye picha ya ile minara sita ya moshi, wakapanda magari wakaenda. Miaka thelathini na kitu ya kuvuta vumbi la makaa, kikombe. Glenys alikuwa mpishi wa kantini. Alikuwa amewapakulia watu mia nne kwa miaka ishirini na miwili, anajua nani hali vitunguu na nani kakimbiwa na mke. Miezi mitatu baada ya kufungwa alianza kuwakuta dukani saa nne asubuhi, wanaume waliozoea kuendesha mitambo mikubwa kuliko kanisa, wamesimama na kikapu chenye mkate mmoja, wanasoma maandishi ya nyuma ya kopo la maharage kama barua ya mtoto aliye mbali.

Akakumbuka karata. Kantini, kwenye zamu ndefu, watu walicheza poka kwa njiti za kiberiti. Basi akanunua visahani vya plastiki vya rangi nne, vya kuwekea dau, akavipanga kwenye sanduku la ndoano la marehemu mumewe Joe, akaenda baa ya Prospect kuomba chumba cha nyuma.

Sheria zilikuwa nyepesi. Hakuna kiingilio, na hakuna hata senti moja mezani. Kila mtu anaanza na visahani sawa, vikimwishia, katoka, kadiri ulivyodumu ndivyo unavyopata pointi. Wiki kumi, halafu fainali. Zawadi ilikuwa kile kikombe cha minara sita, ambacho Glenys alikigandisha kwa gundi juu ya kipande cha ubao. Watu waliovunja vyao ukutani siku ileile ya kupewa walikipigania hiki kufa na kupona. Na mtu akitolewa, waliobaki walimgongea meza mara mbili kwa vifundo vya vidole, kama walivyokuwa wakigonga kantini mwenzao akimaliza zamu.

Mwaka wa pili baa zilikuwa tatu. Mwaka wa nne zikawa sita, bonde zima, na Glenys alizunguka na sanduku lake la ndoano wiki nzima, kila siku baa nyingine, asidaiwe kodi wala umeme. Craig Dunphy, mwenye Prospect, alimfungulia milango kwa wenzake wote. Mpaka sinia za sandwichi alitoa.

"Jumanne kunadorora, mama," alimwambia siku ya kwanza. "Mnanichangamshia nyumba. Mimi naomba kitu kimoja tu. Mapumziko yawe nusu saa. Wazee hawa wanyooshe miguu."

Poka haihitaji mapumziko ya nusu saa. Unahitaji dakika tano za kuondoa visahani vidogo mezani na kubadilisha kwa vikubwa, basi. Lakini Glenys aliona ni ombi la mtu mwenye huruma. Akaandika kwa mkono wake, kifungu cha saba: mapumziko nusu saa.

Na choo cha Prospect, tangu ile baa ikarabatiwe, kiko upande wa pili wa chumba cha mashine. Huwezi kwenda haja bila kupita katikati ya mashine thelathini zinazokuimbia. Nani alichora ramani ile? Fundi bomba?

Noel Tranter alikuwa wa kwanza. Msimu wa pili, Glenys akiwa anahesabu visahani vidogo, aliuona mgongo wa Noel ukipita kwenye vile vioo vyeusi, akajisemea: atarudi baada ya nusu saa. Akarudi kweli. Hilo ndilo baya. Alirudi wiki ile, akarudi wiki iliyofuata na ile nyingine. Halafu nyumba yake ikawekwa bango la kuuzwa. Halafu akawa analala garini kando ya bwawa, na majira ya baridi homa ya mapafu ikamchukua. Kwenye mazishi Glenys alitengeneza sandwichi, Craig akaleta maua. Baada ya Noel akafuata Sandra Pike. Baada ya Sandra, ndugu wawili wa Kimalta ambao Glenys aliwasimamia ubatizo. Anakumbuka majina yote, na anakumbuka kila mmoja alikaa kiti gani.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alikuwa amesimama kaunta anangoja birika la maji ya moto, Craig akiwa anaongea na simu, mgongo umemgeukia.

"Wape chumba bure," Craig alikuwa anasema. "Usiwatoze kitu. Karata zenyewe hazina madhara, zinawaleta tu. Nakwambia, ile nusu saa inakulipia wiki."

Glenys alibeba birika mpaka chumba cha nyuma, akaliweka mezani. Miaka tisa alidhani amewajengea watu kibanda cha kujikinga mvua, kumbe amejenga zizi na yeye ndiye anayeswaga.

Kwa nini hakufunga ligi siku ileile? Kwa sababu ya Wim, na wengine hamsini kama Wim. Mwezi wa nne Wim alijiandikisha kwenye daftari la kujizuia. Makubaliano yakaandikwa na kusainiwa: picha yake ikabandikwa kwenye daftari hilo chini ya kaunta, na baa ikaahidi kumzuia akionekana upande wa mashine. Jumanne ndiyo siku pekee aliyokuwa akinyoa ndevu. Ukimnyang'anya mtu kama yule karata zake, unampeleka palepale unapomtoa.

Basi akaamua kukata kidogo kidogo. Fainali ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Novemba, mchana, upepo wa kaskazini unachoma kama mlango wa tanuri. Wachezaji kumi na wanane, meza mbili, kuanzia saa saba. Glenys aligawa karatasi mpya ya sheria. Kifungu cha saba hakikuwapo.

"Glen, na choo?" aliuliza Concetta Russo, fundi cherehani wa zamani, bingwa mara mbili. "Mimi nina miaka sabini na minne, lakini kibofu changu kina tisini."

"Ng'ambo ya barabara, ukumbi wa kanisa. Nimeomba ufunguo. Mnaenda mmoja mmoja, na dau lako la lazima linakatwa kama kawaida."

"Yaani nikienda kukojoa nalipia."

"Visahani viwili."

"Bei ya Roma hiyo," Concetta akasema, na meza ikacheka, Wim naye. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lenye mikunjo ya pasi. Ingrid ndiye aliyelipiga.

Kufika saa tisa kasoro kidogo walikuwa wamebaki tisa, meza moja, Glenys akigawa. Hii nayo ilikuwa sheria, isiyoandikwa kwa kuwa haikuhitaji kuandikwa: mgawaji haondoki mezani. Mwaka juzi alipigiwa simu kuwa upepo umeng'oa bati la nyumba yake, akamaliza kugawa ndipo akaenda kulitafuta.

Saa tisa kamili Craig aliingia, kengele mkononi.

"Mama Glenys, muda umefika."

"Nimeuona."

"Kifungu cha saba."

"Nimekifuta."

Craig akatabasamu kwa wachezaji, kama mtu aliyesikia mzaha wa mtoto. "Umekifuta. Hivi hivi."

"Nilikiandika mimi, nimekifuta mimi. Concetta, zamu yako, mama."

Craig aliinama mpaka Glenys akanusa mafuta ya nywele zake. "Haya. Leo fainali, sitaki kelele," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini wanaotolewa watakwenda wapi, mama yangu? Kanisani?"

Akaondoka. Glenys akabaki na karata mkononi. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameziba nusu saa, na tobo lenyewe lilikuwa pana kuliko nusu saa. Akainua macho kuhesabu visahani vya kila mmoja, ingawa alishajua. Concetta, mlima. Wim, tisa.

Akachanga karata polepole. Alipozipigisha mezani kuzisawazisha, ya chini kabisa ikamwonyesha uso: ree ya shupaza. Baada ya miaka ishirini na miwili ya kupakua chakula, vidole vyake vilijua kumpenyezea kipande cha nyama mwenye shida bila mstari mzima kugundua. Ni kitu kilekile. Kidole gumba kisogee kidogo tu, ree imfikie Wim, na nyingine baadaye, na mzee adumu mezani mpaka Ingrid aje kumchukua saa kumi na moja.

Wim alikuwa anamtazama. Si usoni, mikononi.

Glenys akazichanga upya. Katika mji mzima huu ambao umeibiwa kazi, ukaibiwa hewa, ukaibiwa hadi vyoo, palikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiiba, nacho ni karata hizi. Akampa Concetta azikate, akagawa kwa haki.

Wim akainua ncha za karata zake mbili, akazilaza.

"Namwaga vyote," akasema, akasukuma visahani vyake katikati.

"Mholanzi," Concetta akasema, "umeshika nini hapo, barua ya pensheni?"

"Njoo uone."

"Mimi nakuja. Nyumbani hakuna anayenisubiri." Akasukuma visahani tisa kama mtu anayefagia makombo, akafunua. Saba mbili. Wim akafunua mabasha wawili, wa kopa na wa uru, na meza ikaguna. Mabasha wawili dhidi ya saba mbili, hapo hata kuhani anaweka dau.

Glenys akalaza karata za katikati. Nne. Bibi. Tisa. Hakuna kitu. Ya nne, mbili ya kopa. Bado moja. Alihisi kila jicho kwenye vidole vyake, na akahisi karata ile kabla hajaigeuza, kama unavyohisi ngazi ya mwisho gizani.

Saba ya maua. Sasa Concetta ana saba tatu.

Concetta akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Wim." Wim akatikisa kichwa, akapeana mkono na wote wanane, wakamgongea meza mara mbili. Akavuta shati chini likae sawa.

"Nanyoosha miguu," akasema.

Chumba kile kina milango miwili. Mmoja unatoka kwenye jua, barabara, ukumbi wa kanisa. Wim alichukua wa pili. Kupitia uwazi wake Glenys aliuona mgongo ukipita kaunta, ukapita wewe na farasi wako namba sita, ukafika kwenye vioo vyeusi. Craig alikuwa pale anapangusa glasi. Picha ya Wim ilikuwa chini ya mkono wake, umbali usiozidi shubiri. Aliipangusa ile glasi, akaigeuza, akaipangusa tena.

Wachezaji wanane waliangalia visahani vyao. Mmoja alisema, "Glen, gawa."

Atarudi baada ya nusu saa.

Glenys akaweka karata chini. Vichwa vinane vikainuka; hilo halijawahi kutokea.

"Concetta, zikalie hizi."

"Nizikalie?"

"Kabisa. Mtu asiziguse."

Concetta akazitia chini ya paja lake kama kuku anavyotia yai, na Glenys akatoka.

Craig alimngojea mwisho wa kaunta. "Mchezo uko kule, mama."

"Picha yake iko ukurasa wa ngapi, Craig?"

"Picha gani?"

"Ile uliyosaini."

Mkono wenye kitambaa ukasimama. Kisha akasema, polepole, ili usikie na wewe: "Ukipita mlango huo kusumbua wateja wangu, ligi yako haina chumba. Si hapa tu. Nyumba zote sita. Nikipiga simu tano, umekwisha."

Miaka tisa. Watu hamsini na kitu. Jumanne za kunyoa ndevu. Glenys alivipima, na usidhani havikuwa na uzito. Akasukuma kioo.

Ndani kulikuwa na baridi, hakuna dirisha wala saa ya ukutani, na mashine zote zinaimba kama midoli ya watoto iliyosahauliwa ikiita. Wim alikuwa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Noti ya dola ishirini ilikwisha mezwa. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya kitufe, bado hakijakandamiza, na mwanga wa zambarau ulimfanya kama maiti.

"Rudi mezani, Glen."

"Sirudi."

"Nataka kukaa tu. Nakaa tu hapa."

"Kaa. Na mimi nakaa." Akavuta kiti cha pili.

"Wanakungoja kule."

"Wangoje. Wewe nilikungoja mara ngapi kantini, chakula kinapoa, hutaki kuacha mtambo?"

Kidole kimoja cha Wim kiliinuka, kikashuka.

"Ulikuwa unasemaje?" Glenys akauliza. "Mtu wa zamu."

"Acha, Glen."

"Sema."

Mashine ya jirani ikamaliza wimbo wake, ikaanza tena. "Mtu wa zamu haachi mtambo mpaka apokewe," Wim akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Usiku ule wa mafuriko ulikaa masaa mangapi?"

"Ishirini na sita."

"Kwa kuwa hakuna aliyekuja kukupokea." Glenys akainuka, akasimama upande wake wa kulia, pale anaposimama mtu anayekuja kushika zamu. "Basi nimekuja. Nakupokea. Toka kwenye kiti."

Wim akaangalia kiganja chake kama ni cha mtu mwingine. "Dola ishirini zangu zimo ndani."

"Ziache."

"Nitabonyeza cha kuzirudisha tu..."

"Usibonyeze chochote, Wim. Ziache. Zimekufa hizo. Karata ziko chini ya Concetta na meza haina mgawaji. Kagawe."

Sijui ilichukua muda gani. Mle ndani hakuna saa. Lakini kiganja kiliinuka, kikaacha alama ya jasho kwenye kitufe, na Wim akashuka kwenye kile kiti kirefu kwanza kwa mguu mbovu, kisha kwa mzima. Glenys akakaa mahali pake papo hapo, kabla joto halijapoa. Wim alipofika kwenye kioo akageuka.

"Na wewe nani anakupokea?"

"Nenda kagawe."

Akaenda. Anagawa sasa hivi, vidole vyake vizito, Concetta anamtania kwamba hata mumewe marehemu angegawa upesi zaidi. Ingrid akifika saa kumi na moja atamkuta mezani, mikono ikionekana.

Na Glenys yuko kwenye kiti cha tatu. Habonyezi. Mikono ameikunja mapajani kama yuko ibadani, na dola ishirini za Wim zinamkonyeza kwenye kioo. Craig amekwisha kupiga simu tatu kati ya zile tano. Amemwambia kiti ni cha wachezaji. Amemwambia ataita polisi. Glenys amemuuliza ukurasa wa ngapi.

Pembeni yake viti viwili viko wazi. Kwenye cha tano kuna mwanamke mwenye sare ya hospitali ambaye amebonyeza tangu adhuhuri na hajainua kichwa. Glenys hawezi kumfikia bila kuacha cha tatu, na mtu wa zamu haachi. Kibofu chake si cha chuma. Amepika, amezika, ameandika kifungu cha saba na amekifuta. Hawezi kukaa viti thelathini peke yake.

Kwa hiyo wewe uliye kaunta, unayesema hayakuhusu, hukuyaanzisha, wao ni watu wazima: ulikula sandwichi za mazishi ya Noel. Na wewe uliye mbali na Boolan, usijifiche nyuma ya umbali. Nyuma ya duka la mtaani kwenu kuna mashine inayoimba wimbo huohuo, na aliyekaa mbele yake unamjua kwa jina, unaijua na hatua yake anapopita.

Weka hiyo glasi chini. Sio ukimaliza. Ni hatua kumi na nne mpaka kwenye kioo cheusi, mwanamke wa miaka sitini na mitatu amezipiga kabla yako. Sukuma mlango, simama upande wa kulia wa kiti, na umwambie yeyote utakayemkuta: nimekuja kukupokea.